Naomba ushauri: keki ya kupindua ya mapichesi haiivi katikati

Habari zenu wapendwa. Niko Uyole, Mbeya, mapichesi ya nyumbani yameiva kweli kweli. Napanga vipande kwenye sufuria juu ya siagi na sukari, namimina mchanganyiko wa keki, naoka kwa mkaa kidogo chini, mwingi juu ya mfuniko. Pembeni inaiva vizuri. Nikiipindua, katikati ni nzito kama ugali mbichi na maji ya matunda yanachuruzika sahanini. Jana vipande vinne viling'ang'ania sufuria, roho iliniuma.

Niyachuje kwanza kwa sukari au niyapike kidogo? Na kwa baridi na mwinuko wa huku, bekingi pauda vijiko 2 vya chai kwa unga robo kilo si nyingi? Keki ni ya mama, Jumamosi anatimiza miaka 70, na mpichesi aliupanda yeye.