Nimpe mdogo wangu figo nikiwa nimetoka kuugua UTI sugu?

MamaNeema: Wakuu, mdogo wangu anasafishwa damu mara tatu kwa wiki na mimi ndiye nitakayempa figo. Mwezi uliopita niliugua UTI. Mkojo ulipooteshwa maabara ikaonekana Klebsiella, bakteria isiyosikia antibiotiki za seftriaksoni wala sipro. Sasa sina homa, lakini naogopa kumpa figo na wadudu wake. Bado naweza kuchangia?

NesiWaFigo: Pole, dada. Kweli bakteria sugu hupita, ama ndani ya figo yenyewe au kwenye maji ya kuihifadhia. Mpokeaji anatumia takrolimasi na prednisoloni kushusha kinga ili mwili usiikatae figo, hivyo mdudu asiyekusumbua wewe anaweza kumwingia kwenye damu, au akala mshono wa mshipa wa damu ulipounganishwa na figo mpya, mpaka upasuke. Hilo la mshipa ndilo naliogopa kuliko yote. Bahati ni kwamba uko hai na una muda: utibiwe, mkojo uoteshwe tena, upasuaji usogezwe. Kwa mchangiaji aliyefariki, majibu hutoka siku mbili tatu baadaye, figo imeshapandikizwa.

BabuChande: Mwanangu, hakikisha daktari wa mdogo wako ameyaona majibu hayo, si wako tu. Mimi baada ya kupandikizwa nilipewa kolistini, antibiotiki ya bakteria sugu, nayo huumiza figo hiyohiyo tunayoihangaikia.

MamaNeema: Shikamoo babu, asanteni. Daktari wake hajayaona kabisa! Kesho nampelekea karatasi.