Laki nane kwa wakala wa viza: ni halali yake au tunapigwa?

Mtoto wa Temeke: Wakuu, habari za mchana. Dada yangu kaalikwa harusi ya binamu yetu Ujerumani mwezi wa nane. Wakala anataka laki nane amwandalie maombi. Ada ya viza ya Schengen (ile ya Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya) yenyewe ni euro 90 tangu Juni 2024. Tulipe?

Baharia: Mnapigwa mchana kweupe. Fomu ipo mtandaoni, bima ya safari ya euro 30,000 unakata mwenyewe, miadi unachukua mwenyewe. Mtu aliyemaliza shule analipaje mtu amwandikie jina lake?

Mama Shamimu: Baharia, taratibu mwanangu. Mimi nimeishia darasa la saba, nauza vitenge Kariakoo, na nililipa. Yule kijana aliipitia taarifa yangu ya benki mstari kwa mstari, akafika kwenye milioni nne zilizoingia siku moja. "Mama, hizi zimetoka wapi?" Nikamwambia nimepokea mchezo. Akasema tuandike barua ya maelezo na kijumbe asaini, maana afisa akiona hela imemwagwa ghafla atajua umeazima ili ujaze akaunti. Wewe msomi ungeliona hilo?

Baharia: Mama, sijakutaja wewe. Nasema tumezidi kupenda kutafuniwa.

Mama Shamimu: Nani katafuniwa? Mzigo naufuata Guangzhou mwenyewe!

Mwana Kigamboni: Shule haihusiani. Namjua mwenye shahada mbili, wakala wake akamtengenezea barua feki ya mwajiri. Uingereza wakikubaini umedanganya, unaweza kufungiwa miaka 10. Wakala yeye anaendelea kupokea wateja.

Baharia: Si ndiyo ninachosema!

Mama Shamimu: Sicho ulichosema. Ulisema tusiosoma.

Chausiku: Na wa Marekani mjiangalie. Dola 185 za ada hazirudi ukinyimwa, na pale dirishani ubalozini unapohojiwa wakala hayupo. Kifungu cha 214(b) cha sheria yao ya uhamiaji kinamtaka afisa akuchukulie kama mhamiaji mpaka wewe umridhishe kwamba utarudi. Ukiwa umekaririshwa majibu, swali moja la kando tu unababaika.

Baharia: Mama, basi shule niiache. Lakini laki nane kwa kusoma taarifa ya benki?

Mama Shamimu: Mimi hakunichaji hata nusu ya hiyo. Na hakuniahidi viza. Anayekuahidi viza ni tapeli, hiyo hata wa darasa la saba tunaijua.

Mtoto wa Temeke: Jamani, dada yangu! Mwisho wa kupeleka maombi ni siku 15 kabla ya safari, na bado hatujachukua miadi.

Mama Shamimu: Siku 15 ni kujitafutia presha, maombi yanaanza kupokelewa miezi sita kabla. Chukueni miadi leo hii. Halafu mwambie aje dukani na taarifa yake ya benki na barua ya mwaliko, nimwangalizie bure. Baharia, bado hujaniomba radhi.

Baharia: Radhi ya nini tena, mama?