Kola ya umeme, kamba ndefu au mbwa mzee: kipi kitawafanya mbwa wa usasi wawache paa?

Mkulima wa Maweni
Wakuu, assalaam aleikum. Nina mbwa wawili, natoka nao na wasasi wenzangu kusaka nguruwe mwitu wanaotumalizia muhogo. Kwa nguruwe sina lawama nao, ila wana tabia ya kukimbiza wanyama tusiowataka. Mjini kuna mtu anauza kola ya umeme yenye rimoti, ukibonyeza inampiga mbwa shoti shingoni, anataka 280,000. Kuna mwengine anafundisha kwa kamba tu, 150,000 kwa kila mbwa, na wabaki kwake. Mzee wangu anasema nisitoe hata shilingi, niwachanganye na mbwa mzee wa jirani. Nataka niamue kabla ya masika. Nani kajaribu ipi?

Kipanga_Mtende
Yakhe, "wanyama tusiowataka" ndio wepi? Mbuzi wa watu, kuku au paa? Wana umri gani? Wanakimbiza wakarudi, au wanaua? Bila ya hayo tutakujibu nini?

Mzee wa Nyavu
Msikilize mzee wako. Sisi tulipokuwa wadogo hakukuwa na kola wala mwalimu. Kijibwa kilitolewa msituni nyuma ya mbwa mkubwa, akibweka nacho kinabweka, akinyamaza kinanyamaza. Huko uwandani, kwenye mawe makali, mbwa hana muda wa kukutazama wewe. Anamtazama mwenzake.

Chui Jike
Shikamoo mzee. Mbwa mkubwa akiwa na tabia mbovu je? Letu lilikuwa fundi wa nguruwe hasa, lakini likipita karibu na banda la kuku linageuka shetani. Vijibwa vyote vitatu vilivyolifuata vikatoka walaji kuku.

Mzee wa Nyavu
Marahaba. Basi huyo hakuwa mbwa mkubwa, alikuwa mbwa mzee tu.

Bint Pete
Mimi nashughulika na mifugo, mbwa naletewa kila siku. Mwenye uzi, rudi ujibu maswali ya Kipanga, hasa la umri. Kola hairuhusiwi kwa kijibwa ambacho bado hakijaelewa hata jina lake. Na hata kwa mbwa mkubwa, zile ncha mbili za chuma lazima ziguse ngozi. Watu hulegeza, wakiona haifanyi kazi wanapandisha nguvu, halafu siku moja wakiikaza vizuri mbwa anaruka kama kaguswa na moto. Wengine huiwacha shingoni kutwa nzima. Nimesafisha vidonda hivyo vikitoa usaha.

Mkulima wa Maweni
Samahani, nilikuwa shamba. Ni paa, na mara mojamoja mbuzi wa jirani. Mmoja yupo miaka mitatu, jike lina mwaka na kidogo. Wanakimbiza.

Kipanga_Mtende
Paa yupi? Paa wa kawaida, chesi, au nunga? Na "wanakimbiza" si jibu.

Mkulima wa Maweni
Yule mkubwa alishakamata. Paa mwenyewe alikuwa mwekundu, na mkaja mweupe nyuma mapajani.

Kipanga_Mtende
Na miguuni vidoa vyeupe, sivyo? Huyo ni nunga, ndugu yangu. Analindwa kisheria, pamoja na kima punju, yule kima mwekundu. Kumbe si suala la tabia mbaya, hapa tunazungumzia kesi. Sheria ya misitu ya Zanzibar namba 10 ya 1996 haikuulizi kama ulimtuma mbwa au alikwenda mwenyewe. Kibali cha usasi mnacho?

Mkulima wa Maweni
Kibali cha kikundi kipo. Ndiyo maana nauliza wakuu, sitaki kukipoteza.

Mzenji Rotorua
Nipo New Zealand, na huku jambo hili limeshapewa utaratibu. Wasasi wa nguruwe hapa wanatumia mbwa hasa, lakini msituni kuna kiwi, ndege asiyeruka, na mbwa akimng'ata mara moja basi. Mwaka 1987 kule Waitangi mbwa mmoja tu aliyetoroka alikadiriwa kuua kiwi wapatao 500. Kwa hiyo kabla hujapewa ruhusa ya kuingia na mbwa kwenye misitu mingi, lazima apite mafunzo. Wanaweka kiwi aliyekufa, manyoya na mavi yake njiani, mbwa anapitishwa akiwa na kola, na akiinamisha pua pale tu, umeme. Wengi wao ukiwarudisha baadaye wanazunguka mbali. Anapewa cheti, lakini cheti kina muda, anarudishwa kupimwa tena. Kwa hiyo mimi nasema nunua kola.

Chui Jike
Wales wamezipiga marufuku kola hizo tangu 2010. Wazungu wenyewe hawajakubaliana, sisi tukimbilie wapi?

Mzenji Rotorua
Wales hawana nguruwe mwitu wanaokula muhogo, dada.

Fundi Baiskeli
Ngojeni niwaeleze yaliyonipata kabla hamjamtia hasara mwenzetu. Nilikuwa na mbwa mmoja mwekundu, masikio yamechanika yote kwa meno ya nguruwe, haogopi kitu. Ila mbuzi akimwona, kazi imekwisha. Jirani yangu kanidai mara kadhaa. Nikampata kijana mwenye kola, jina nalihifadhi, akaniambia kazi ya asubuhi moja. Tukaenda nyuma ya kitongoji, mbuzi akafungwa kwenye mkwamba, mbwa akafunguliwa. Kijana kasimama mbali na rimoti, anazungumza na simu. Mbwa akamwendea mbuzi, akanusa, hakupigwa. Akamwacha mwenyewe! Akapita, akaingia kichakani, na pale kichakani kulikuwa na njia ya nguruwe, nyayo mbichi, hata mimi niliziona. Akainamisha kichwa kwenye nyayo ndipo kijana akakumbuka kubonyeza. Mbwa akalia, akabonyeza tena. Akatoka mbio akaingia chini ya gari, ikabidi tumvute miguu.

Tangu siku ile, ukimpeleka msituni anakwenda mpaka yanapoanzia mawe, anakaa kitako. Akisikia harufu ya nguruwe anatetemeka. Mbuzi? Anawakimbiza vilevile. Nikarudi kwa kijana, akaniambia mbwa wako ana moyo mdogo. Nusura nimvishe yeye hiyo kola.

Bint Pete
Pole sana. Hilo ndilo tatizo la kola, mbwa haunganishi umeme na nia yako, anaunganisha na kile kilichokuwa puani mwake sekunde ile. Ukichelewa kidogo umemfundisha jambo jengine kabisa.

Mzenji Rotorua
Hapo kosa ni la mshika rimoti, si la kola.

Fundi Baiskeli
Na mshika rimoti atakuwa nani, wewe utoke Rotorua?

Ustadh Kijiti
Ndugu zangu, mbona mnazunguka? Suratul Maida aya ya 4 imetaja wanyama wa kuwindia mliowafunza. Na masheikh wetu wa Shafi wameeleza mbwa aliyefunzwa ni yupi: ukimtuma anakwenda, ukimkataza anawacha, akikamata hali. Mbwa asiyewacha anapokatazwa, hajafunzwa. Mlipe mwenye kamba amfundishe kuwacha.

Kipanga_Mtende
Ustadh, wanasaka nguruwe. Nguruwe haliwi hata mbwa awe na shahada.

Ustadh Kijiti
Sikusema analiwa. Nimesema mbwa aliyefunzwa. Na mkumbuke vyombo alivyoramba kuvikosha mara saba, moja kwa udongo.

Mpemba Asili
Swali la pembeni. Hapo juu pametajwa kima punju. Huyo si wa Unguja tu?

Kipanga_Mtende
Wa Unguja tu kwa asili. Wachache walipelekwa msitu wa Ngezi, Pemba, miaka ya 1970.

Mpemba Asili
Mimi nimezaliwa Konde, jirani na Ngezi, na sijawahi kumwona.

Kipanga_Mtende
Hujamwona wewe. Hilo halimzuii kuwepo.

Bint Pete
Turudi kwenye mbwa. Mkulima, mimi ningeanza na jike, huyo wa mwaka na kidogo. Kamba ya mita kumi. Okota vimavi vya paa, paa wa kawaida hurudi kunya palepale kwa hiyo si kazi kuvipata, uviweke kwenye majani makavu. Ngozi ya paa usitumie, ukikutwa nayo utaeleza nini? Jike likinusa, "Wacha!", kaza kamba, likigeuka kukutazama mpe dagaa mkavu hapohapo. Nyumbani kwanza, halafu shambani, msituni mwisho. Yule mkubwa aliyeshaonja damu, sikuahidi kitu. Huyo ningemtoa kwenye kamba pale tu nguruwe ameshaonekana kwa macho.

Mzee wa Nyavu
Dagaa! Mbwa wa msasi analishwa dagaa kama paka wa forodhani.

Chui Jike
Mzee, nao wanakula pumba kila siku, wacha wafurahi kidogo.

Mkulima wa Maweni
Shukran nyote. Yule wa kamba nimempigia, anasema jike anampokea, dume hapana, labda nimwongezee. Wa kola naye kashuka mpaka 230,000.

Fundi Baiskeli
Anayeshuka haraka hivyo, muulize imetumika kwa mbwa wangapi.

Pwani Mchangani
Samahani kwa kuchelewa, sijasoma uzi wote. Hilo jike likizaa, vijibwa unauza?