Kazi, familia na tizi: napangaje ratiba bila kuwaumiza wa nyumbani? Naombeni ushauri

Baba Watatu:

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Nina miaka 38, nina mke na watoto watatu. Wa kwanza yuko darasa la pili, wa kati ana miaka minne, wa mwisho ametimiza miezi kumi. Naishi Kibamba, kazi yangu ni ya stoo kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Natoka nyumbani saa 11 na robo alfajiri, narudi saa 2 usiku, foleni ikikaza saa 3. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, na akitoka shuleni anashona sare za wanafunzi kwa oda.

Mwezi wa tatu nilipima presha kwenye upimaji wa bure sokoni. Ikasoma 148 kwa 94. Uzito kilo 97, urefu sentimita 172. Baba yangu alipata kiharusi akiwa na miaka 51, upande mmoja ukapooza. Namkumbuka mama akimlisha uji kwa kijiko, na kitambaa cha kumfuta mdomo kikiwa begani kwake. Siku ile nilirudi nyumbani nimeapa.

Nikalipia jimu karibu na kazini, 60,000 kwa mwezi. Nikitoka kazini napitia, napiga tizi saa nzima, nafika nyumbani saa 4 usiku watoto wamelala. Nikajiwekea lengo la nusu marathoni ya Kilimanjaro mwakani, kilomita 21. Wiki tatu nilikaza kweli, kilo mbili zikapungua.

Alhamisi ya wiki ya tatu nikamkuta binti yangu amelala kwenye kochi na sare ya shule, daftari la hesabu liko kifuani, kalamu imevuja wino kwenye shati. Alikuwa ananisubiri nimsahihishie. Mama yake yuko kwenye cherehani, mdogo mgongoni. Hakupandisha sauti. Aliniuliza tu, "Hiyo afya unayoitafuta, unaitafuta kwa ajili ya nani?" Nikakosa jibu.

Jimu nimeacha, hii ni wiki ya pili. Kilo moja imesharudi. Nikiacha mazoezi namwona baba, nikifanya namwona binti yangu kwenye kochi. Wenye kazi za kubana na familia, nidhamu yenu mliijengaje? Nawasilisha.

Chuma cha Pua:

Mkuu, muda haupatikani, muda unatengenezwa. Amka saa 9 usiku, piga tizi saa nzima, oga, nenda kazini. Mimi huu ni mwaka wa tatu naenda hivyo. Mwili ukigoma, uburuze. Mwezi wa kwanza ndio mgumu.

Nesi wa Zamu:

Chuma, mtu anayeingia nyumbani saa 2 hadi 3, ale, aoge, aongee na mkewe, analala saa 5. Ukimwamsha saa 9 amelala saa nne. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba, na kukosa usingizi kwenyewe kunapandisha presha. Hapo utakuwa unamjaza ugonjwa aliokuja kuukimbia.

Baba Watatu, kabla ya ratiba yoyote, kapime upya. Kipimo kimoja cha sokoni, umesimama kwenye foleni na jua, hakitoshi kukuhukumu. Nenda zahanati, kaa umeegemea kiti dakika tano bila kuongea, usikunje nne, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo. Nusu saa kabla usiwe umekunywa kahawa wala kuvuta sigara. Rudia siku nyingine. Ikiendelea kusoma 140 kwa 90 na kwenda juu, muone daktari, na akikuandikia dawa meza. Wapo wanaotupa dawa kwa sababu wameanza kukimbia, na tunaletewa usiku wa manane. Ukiwa kwenye mazoezi kifua kikabana au ukahisi kizunguzungu, simama hapo hapo, usimalizie mzunguko.

Halafu tupige hesabu. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani ule ambao unaweza kuongea lakini kuimba huwezi, pamoja na siku mbili za kuimarisha misuli. Dakika 150 kwa siku tano ni nusu saa tu kwa siku. Na mwongozo wao wa 2020 uliondoa sharti la zamani la dakika kumi mfululizo, kwa hiyo hata vipande vidogo vinahesabika. Hakuna walipoandika jimu, na hakuna walipoandika saa 4 usiku.

Mzee wa Mapipa:

Kijana wangu, wewe nusu saa yako iko njiani. Unatoka Kibamba, bila shaka unapanda basi la mwendokasi Kimara. Shuka Magomeni Mapipa, vuka Jangwani kwa miguu, ingia Kariakoo. Ni kama nusu saa kwa mwendo wa mtu anayewahi. Asubuhi ile kuna upepo wa bondeni na jua bado halijachoma. Nimepita hapo kwa miguu miaka mingi, nina 67 sasa, na ngazi za ghorofa ya tatu napanda bila kushika ukuta. Masika Jangwani ikijaa maji usijaribu, siku hizo tafuta ngazi za hapo kazini. Jioni usitembee. Panda kituo cha mwisho Gerezani upate siti, uwahi watoto.

Mama Kiduchu:

Kaka, nitasema langu na usinichukie. Nimeusoma uzi wako mara mbili. Umetaja kilo zako, presha yako, baba yako, marathoni yako. Mkeo umemtaja yuko kwenye cherehani. Yeye presha yake ni ngapi? Amejifungua miezi kumi iliyopita, anafundisha, anashona, na mtoto yuko mgongoni. Yeye mazoezi yake ni saa ngapi?

Mume wangu alijiunga na klabu ya mbio mtaani kwetu Temeke. Kila Jumapili alfajiri wanatoka na jezi zao wanaimba, barabara yote inaamka, mimi nabaki na watoto na masufuria. Wenzangu walikuwa wananisifia nina mume anayejali afya. Mimi nilikuwa namchukia yeye na raba zake.

Kilichotusaidia ni karatasi ya daftari. Usiku mmoja tulizima televisheni, tukachora siku saba, kila mmoja akaandika kinachomkaba na saa zake. Aliona mwenyewe kwamba kwenye safu yangu hakuna nafasi hata ya kusuka nywele. Tukagawana. Jumapili ni yake, Jumamosi ni yangu. Jumamosi anaogesha, anapika uji, anafua soksi za shule, na simu hanipigii kuniuliza kitu kiko wapi. Sasa Jumapili akichelewa kuamka, mimi ndiye ninayemtikisa bega aende.

Baba Watatu:

Mzee wangu wa Mapipa, shikamoo, na ahsante sana. Kesho naanza.

Dada Mama Kiduchu, sijachukia. Nimeusoma ujumbe wako nikiwa stoo nikakaa juu ya mifuko ya saruji. Ni kweli, sijawahi kumuuliza. Namuuliza leo hii.

Mkimbiaji wa Moshi:

Mimi niongelee hiyo nusu marathoni, maana ndiyo imejificha nyuma ya haraka yako yote. Mkuu, ile njia naikimbia kila mwaka. Unatoka Chuo Kikuu cha Ushirika, na sehemu kubwa ya nusu ya kwanza unapanda kuelekea Mweka. Ni mlima wa kweli, unaowatembeza hata vijana wepesi. Na kuteremka kunaumiza magoti kuliko kupanda. Kwa kilo 97 na presha ambayo haijatulia, kujiandaa kwa miezi michache huku unaiba usingizi ni hatari.

Kuna mbio za kilomita 5 siku hiyo hiyo, familia nzima zinashiriki. Njoo nazo. Mwaka unaofuata tuongee kilomita 21. Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni, alipata shaba ya dunia London 2017, na dhahabu ikaja Tokyo 2025. Miaka minane, na yule ni mtu anayeamkia mbio tu kila siku. Wewe una stoo na watoto watatu, jipe hata miwili.

Jiko la Afya:

La chakula fupi tu. Soda ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko tisa vya chai. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, na humo hesabu iliyo kwenye mkate, chipsi na supu. Kwa mama ntilie omba wali nusu, maharage na mchicha vya kutosha, kachumbari isiyotiwa chumvi. Huhitaji kununua chakula cha peke yako, mkeo asije akapikia meza mbili.

Chuma cha Pua:

Nesi, nimekuelewa, saa 9 naifuta. Mimi naishi peke yangu, hakuna anayenisubiri na daftari, nilijibu kwa maisha yangu.

Mkuu, zile siku mbili za misuli fanyia sebuleni. Kuchuchumaa na kusimama mara 12, pushapu za kuegemea ukingo wa meza mara 10, kisha lala kifudifudi ujibebe kwa viwiko na vidole vya miguu sekunde 20, mgongo unyooke. Raundi tatu. Usibane pumzi, toa hewa wakati wa kusukuma. Robo saa imeisha. Kamba usiruke kwanza, magoti yako bado yana mzigo. Na binti yako mpe kazi ya kuhesabu.

Baba Watatu (MREJESHO, wiki ya nane):

Wakuu, nilisema nitarudi.

Usiku ule nilimuuliza mke wangu, "Presha yako ni ngapi?" Akasimamisha cherehani. Akaniambia tangu atoke kliniki ya uzazi hakuna aliyemuuliza. Tukaenda zahanati wote wawili Jumamosi. Yake iko sawa, ila damu ilikuwa chini, akaandikiwa vidonge. Nilikuwa naishi naye nyumba moja na sikujua kwamba kila jioni alikuwa anaona giza akisimama ghafla.

Yangu ilisoma 144 kwa 92, siku nyingine 142 kwa 90. Daktari akanipa miezi mitatu ya kubadili chakula na mwendo, nikiwa napimwa kila mara, ndipo aamue kuhusu dawa. Juzi imesoma 136 kwa 86. Kilo 94.

Karatasi tulichora. Kwenye safu yangu likatoka jambo ambalo sikuwa nimewaambia humu, kwa sababu sikuwahi kulihesabu. Kila jioni nilikuwa nakaa kijiwe cha kahawa Kimara dakika 40 hadi saa nzima, "nikisubiri foleni ipungue." Siku tano, karibu saa nne kwa wiki. Nilikuwa nazo muda wote huo. Sasa Jumatatu mpaka Alhamisi nanyoosha moja kwa moja, saa 1 na nusu niko nyumbani, daftari kwanza. Ijumaa nakaa na wenzangu, nimekataa kuifuta hiyo na mke wangu amekubali.

Asubuhi navuka Jangwani kwa miguu. Jumanne na Alhamisi ni sebuleni. Binti yangu anahesabu kwa sauti na hataki kudanganywa, goti lisipokunja vizuri anarudia namba. Wiki ya tano tulikuwa na kuhesabu mali stoo, narudi saa 5 usiku, sikufanya kitu siku sita. Zamani ningefidia kwa kujiua Jumapili nzima. Safari hii nililala, Jumatatu nikashuka Mapipa kama kawaida.

Mbio za kilomita 5 tunakwenda, mimi na binti. Mkimbiaji wa Moshi, tutakutafuta.

Kesho Jumamosi ni zamu ya mama watoto, anatembea na walimu wenzake mpaka Kiluvya na kurudi. Raba zake namba 38 nimezichukua leo Kariakoo, ameshazivaa ndani ya nyumba anazunguka nazo. Ulezi nimeuloweka, uji naupika mimi.