Teze ya hisabati tumizi juu ya rundo la shaba: inawezekana nikibaki Lubumbashi?

KijanaWaKatuba

Jambo yenu, wakubwa. Mimi ni asistanti wa hisabati, DEA (diploma ya kabla ya udaktari) nimeshamaliza, natafuta mada ya teze ya udaktari. Binamu yangu anafanya kazi kwenye rundo la shaba: mawe yaliyosagwa yanarundikwa juu ya turubai la plastiki, yananyunyiziwa asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, na maji yenye shaba yanakusanywa chini. Anasema sehemu nyingine za ndani hubaki kavu, hata kama juu wamenyunyiza sawasawa. Mimi nataka kujua maji yanapita wapi.

Shida ni kwamba kampuni haitoi data. Promota wangu, yaani profesa anayenisimamia, naye anahofia nitageuka mhandisi. Yeye anataka theoremu za kuwepo na upekee wa suluhisho. Rafiki zangu wanasema nisubiri ufadhili wa Ulaya. Nina mke na mtoto, na saa za kufundisha ni nyingi. Nifanyeje?

YayaRuashi

Mdogo wangu, mada unayo tayari, usiiachie.

Maji ndani ya mawe ambayo hayajajaa yanafuata mlinganyo wa Richards wa 1931, uliojengwa juu ya sheria ya Darcy ya 1856 kuhusu maji yanavyopita kwenye mchanga. Mawe yakikauka, uwezo wake wa kupitisha maji unakaribia sifuri na mlinganyo unaharibika hapohapo: kuwepo na upekee wa suluhisho si jambo la wazi tena. Hapo promota wako atapata theoremu zote anazozitaka, nawe utabaki na rundo lako. Mpelekee ukurasa mmoja tu unaoonyesha mahali mlinganyo unapoharibika, kisha mwache aulize yeye.

Kuhusu data, acha kugonga mlango wa kampuni. Mimi teze yangu niliifanya kwa bomba la PVC. Wenzetu wa metalurjia hujaza bomba malakiti (jiwe la kijani lenye shaba) iliyosagwa, wanadondosha asidi juu na kupima shaba inayotoka chini. Nenda ukakae nao. Mwanzoni maji hutoka buluu iliyokolea, halafu rangi inafifia huku ndani ya mawe shaba bado ipo. Ganda la nje la kila kipande limeshaliwa, kwa hiyo asidi inabidi ilipenye polepole ndipo ifikie kiini. Modeli ya kiini kinachosinyaa, ya Yagi na Kunii, ni ya 1955. Iunganishe na Richards, na kazi ya teze nzima iko hapo.

Ila kabla ya kulinganisha programu yako na bomba lolote, ihakiki yenyewe kwanza. Chagua suluhisho unalolijua, liingize kwenye mlinganyo upate upande wa kulia, halafu programu ilitafute. Punguza hatua ya gridi iwe nusu: kama njia yako ni ya daraja la pili, kosa lishuke hadi robo. Lisiposhuka, usimwonyeshe mtu mchoro. Tena hesabu maji: yaliyoingia ukitoa yaliyotoka yawe sawa na yaliyoongezeka ndani. Celia na wenzake walionyesha mwaka 1990 kwamba kuna namna ya kuuandika mlinganyo huu ambayo inapoteza maji kwenye kompyuta. Huwa naumia nikiona grafu nzuri ambayo maji yake hayatimii.

Na hifadhi mahesabu yako kila baada ya dakika chache. Umeme wetu unaujua.

PapaKampemba

Naongeza kuhusu Ulaya. Usisimamishe kazi kwa kusubiri ufadhili. Anza hapa, kisha omba safari fupi: shule za CIMPA, shirika la hisabati lililoanzishwa Nice, Ufaransa, mwaka 1978, au kituo cha fizikia ya nadharia cha ICTP kule Trieste, Italia, alichokianzisha Abdus Salam mwaka 1964. Ukienda na matokeo mkononi, hata usimamizi wa pamoja kati ya vyuo viwili unaongeleka. Ukienda na mikono mitupu, watakupa mada yao. Makala nyingi utazipata kwenye tovuti ya arXiv bila kulipa. Utanunua mega za intaneti tu.

KijanaWaKatuba

Aksanti sana, wakubwa. Yaya, nataka kuanza na safu moja ya wima, kipimo kimoja, yaani kina tu. Kwa kila hatua ya muda, kutafuta suluhisho kwa kukisia na kurekebisha, nitumie njia ya Picard au ya Newton?

YayaRuashi

Kipimo kimoja kinatosha kabisa kwa mwanzo. Anza na Picard. Inaenda polepole lakini inavumilia ukianzia mbali. Newton inakimbia sana ikishakaribia suluhisho, ila maji yanapoingia kwenye mawe makavu mara nyingi inakwama. Wengi hufanya mizunguko michache ya Picard ndipo wanahamia Newton. Programu ya hesabu ya Octave inatosha, ni ya bure. Na ukienda kwa watu wa metalurjia, waulize kwanza ukubwa wa vipande walivyochuja, maana bila huo modeli ya kiini haina pa kuanzia.