Upepo ukigeuka katikati ya mashindano ya theluji, haki inapatikanaje?

Mdau wa Kimara: Wakuu habari za jioni. Huku Dar mvua ikinyesha mechi inapigwa tu, na tope ni la timu zote mbili. Sasa nafuatilia hii michezo ya theluji kwenye TV, ile ya kuruka na skii, naona kila mtu anaruka peke yake, anayefuata akija upepo umeshageuka. Haki iko wapi hapo? Naombeni ufafanuzi.

FundiRedio: Mkuu umeuliza la maana. Kwenye kuruka wanapima upepo kabisa, ukimjia mtu usoni unambeba kwa hiyo anakatwa pointi, ukitokea mgongoni unamshusha mapema basi anaongezewa. Lakini zile mbio za kushuka mlima kwa kasi hazina fidia, ukungu ukishuka zamu yako imekula kwako, wanachoweza ni kusimamisha au kuahirisha. Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani, 1998, hizo mbio za wanaume zilipangwa tarehe 8 Februari zikaja kufanyika tarehe 13, theluji, mvua, ukungu vyote vilipokezana. Siku hiyo Hermann Maier wa Austria alirushwa hewani akapitiliza uzio, watu wakajua basi tena, siku chache mbele akabeba dhahabu mbili. Yule jamaa namheshimu sana.

Bi Shangazi: Mie naona kasheshe linaanzia kwenye kuchagua mji wa kuandaa Olimpiki jamani. Vancouver 2010 mlima wa Cypress ulikosa theluji ikabidi iletwe kwa malori na helikopta! Sochi 2014 ni mji wa pwani, wakatunza theluji ya msimu uliopita wameifunika. Beijing 2022 ndo karibu yote ilitengenezwa na mashine, maana milima ile baridi ipo ila pakavu. Na theluji ya mashine ni ngumu, mtu anateleza kasi zaidi na akianguka anaumia, tuwaonee huruma wachezaji.

Mdau wa Kimara: Aisee shukrani. Si wacheze ndani tu basi?

FundiRedio: Mbio za kasi kwenye barafu wanacheza ndani, kwenye Olimpiki ilianza Calgary 1988. Ila hata ndani uwanja una mchango wake mkuu, Salt Lake City uko juu zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, hewa nyepesi haimzuii mtu sana, ndo maana rekodi nyingi za dunia zimewekwa pale na Calgary. Wa kushuka mlima huwezi kumuingiza ndani, mlima wenyewe utauezeka na nini?