Je, Lubumbashi iweke mipaka kwa nyumba zinazopangishwa kwa usiku?

Ndugu aliyefungua mjadala huu ameandika kwamba parseli, yaani kiwanja na nyumba zilizomo, ni mali ya mwenyewe, na kwamba akitaka kuigeuza kuwa flati za kulala usiku mmoja au juma moja, meya hana la kumwambia. Ninamheshimu, lakini sikubaliani naye.

Kwenye avenyu yetu, hapa Bel-Air, kuna parseli yenye nyumba kubwa mbele na vyumba vinne nyuma, ambamo familia tano zilipanga kwa miaka mingi. Mwenye nyumba aliziondoa zote, akapaka rangi, akaweka jenereta, na sasa wanaolala humo ni mafundi wa migodi wanaopita kwenda Kolwezi na wafanyabiashara wanaotoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mama mmoja kati ya waliohamishwa alikuwa akiuza maandazi kwenye geti lile lile. Alitafuta chumba jirani, akaombwa garanti, yaani amana ya kuingia nyumbani, ya miezi sita, akashindwa. Leo anakaa Ruashi, na kila alfajiri anapanda basi akiwa na ndoo ya unga uliokwisha kukandwa, maana wateja wake wamebaki huku.

Sheria ya Kongo namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema wazi kwamba garanti ya nyumba ya kuishi isizidi pango la miezi mitatu. Ni sheria nzuri, na inasikitisha jinsi inavyopuuzwa. Lakini hata ingefuatwa kikamilifu, ingemfaa nini mtu ambaye hapati kabisa nyumba ya kupanga kwa mwezi?

Miji mingine imekwisha kuchukua hatua. Barcelona, kupitia meya wake Jaume Collboni, ilitangaza mwezi Juni 2024 kwamba leseni za flati za watalii zaidi ya 10,000 hazitaongezwa muda, ili ifikapo Novemba 2028 zote ziwe zimekoma. Mimi nisingetaka hivyo kwetu, kwa sababu mjane anayeishi kwa kupangisha chumba kimoja cha uani angeumia kuliko tajiri. Njia ya New York inanivutia zaidi: tangu Septemba 2023, anayepangisha kwa muda usiofika siku 30 lazima ajiandikishe kwa serikali ya mji, aishi humo pamoja na wageni wake, na wageni hao wasizidi wawili. Idadi hiyo tunaweza kuijadili, lakini sharti la mwenye nyumba kuishi humo ndilo ninalolishikilia.

Najua wenye nyumba wana uchungu wao. Baba mdogo wangu alikaa miezi minane bila kulipwa na mpangaji ambaye hakutaka kuhama, wakati mgeni wa usiku hulipa kabla ya kupewa ufunguo. Uchungu huo ni wa kweli, na dawa yake ni kesi za pango kuamuliwa haraka, si kuziondoa familia ambazo zililipa kila mwezi, kama zile tano za avenyu yetu.

Basi ningeomba ndugu yangu anijibu jambo moja: mwenye parseli anayeishi Kinshasa au Ulaya, ambaye hata jina la chifu wa kartie (mtaa) yake halijui, anapoteza haki gani akiambiwa kwamba nyumba asiyoishi ataipangisha kwa mwezi, kwa bei anayoitaka mwenyewe?